Nidhamu chanya shuleni kwenu inafanya kazi kweli? Namna ya kuipima bila kujidanganya

Kuna mwaka nilikaa kwenye kikao cha stafu, mwalimu mkuu anasoma ripoti ya programu ya nidhamu chanya (kumrekebisha mtoto kwa kumfundisha na kumpongeza, bila fimbo wala matusi), muhula wa kwanza adhabu 58 kitabuni, muhula wa pili 11, tukapiga makofi mpaka mwalimu wa taaluma akasimama kutoa neno la shukrani. Mimi ndo nilikuwa mwalimu wa malezi kwa hiyo makofi mengine yalikuwa yangu. Wiki ileile niko zamu, jioni nasimamia usafi, kiranja mmoja wa darasa la sita anafagia karibu na stoo ya mahindi, nikamuuliza kiutani tu vipi siku hizi hamchapwi eeh? Akacheka. "Tunachapwa mwalimu, ila siku hizi ni huku stoo, mstarini hapana."

Yaani kalamu ndo ilikuwa imepungua, fimbo iko palepale.

Sasa hii naiandika kwa mwalimu wa malezi, mwalimu mkuu, au mjumbe wa kamati ya shule ambaye ameletewa programu ya aina hii, iwe imekuja na mradi au mwalimu kairudisha toka semina, na mwaka umepita watu wanauliza je, imesaidia? Huhitaji mtaalamu toka Dodoma. Unahitaji daftari, maharage nusu kilo, kokoto, na muhula mmoja wa uvumilivu. Mifano yangu ni ya shule za msingi za huku kwetu Tanzania, ila wa Kenya na Uganda mtajiona humo, tofauti kubwa ni kwamba kwenu fimbo shuleni imeshapigwa marufuku na sheria (Kenya sheria ya elimu ya msingi ya 2013, Uganda marekebisho ya sheria ya watoto ya 2016), kwetu bado ina kanuni yake.

Hatua ya 1: Andika programu iliahidi nini, kwa maneno ya kawaida

Usianze kuhesabu chochote kabla hujajua unahesabu ili ujibu nini. Kaa na mwalimu mkuu na yeyote aliyekuwepo programu inaanza, muulizane tulisema tutafanya nini na tulitegemea nini kibadilike. Mara nyingi utashangaa, watu wanne majibu manne. Mmoja anasema lengo ni kuacha fimbo, mwingine anasema lengo ni utoro upungue, mwingine matokeo ya darasa la saba, na wa nne hakumbuki anakumbuka posho ya semina tu.

Chagueni maswali matatu, yakizidi manne mtachoka njiani. Mimi huwa nachukua haya: walimu wanafanya kweli yale waliyofundishwa? Watoto wanapigwa na kutukanwa kidogo kuliko zamani? Tabia zinazosumbua masomo (kupigana, kuchelewa, kutoroka, kuibiana) zimepungua? Basi. Matokeo ya mtihani yaache kwanza, yanasukumwa na vitu mia.

Na hapohapo angalia kanuni za shule zenyewe zimeandikwaje. Kuna mfumo wa kusapoti tabia njema kwa shule nzima, ndo nilikochota vipimo kadhaa vya humu, ulikuzwa sana Marekani, Chuo Kikuu cha Oregon, miaka ya 90, na moja ya mambo wanayosisitiza ni shule iwe na matarajio machache, matatu mpaka matano, yaliyoandikwa kwa kumwambia mtoto afanye nini. Nenda ukutani kwenu usome. Kama bado kuna kanuni 23 na zote zinaanza na "ni marufuku", basi umeshapata jibu la kwanza la tathmini yako kabla hata hujafungua daftari.

Hatua ya 2: Tafuta watu wa kupima, na tafuta mwanzo

Mwenye programu asiwe mkuu wa kuipima. Najua inauma, mimi mwenyewe iliniuma, ila ukiwa wewe ndo umeileta basi macho yako yanatafuta mazuri. Weka timu ya watu wanne au watano, mwalimu mmoja ambaye haipendi hiyo programu (huyu ni dhahabu, usimkwepe), mwalimu mmoja mgeni, mzazi kutoka kamati, na kama inawezekana mwalimu wa shule jirani mje mbadilishane, nyie mkapime kwao wao wapime kwenu.

Halafu kuna ishu ya mwanzo. Ukisema imepungua, imepungua kutoka ngapi? Shule nyingi hazikuhesabu kabla ya kuanza. Sio mwisho wa dunia, vitabu vipo: daftari la mahudhurio, kitabu cha zamu, kitabu cha adhabu, nakala za barua za kuita wazazi. Rudi nyuma mwaka mmoja kabla ya programu, chukua miezi ileile unayotaka kupima sasa. Februari linganisha na Februari, maana Septemba ya darasa la saba kumaliza na Februari ya watoto wapya wa la kwanza ni shule mbili tofauti.

Kitabu cha adhabu naomba nikizungumzie peke yake. Kanuni zetu za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne kwa kosa, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila mara iandikwe kwenye kitabu. Sasa wewe ni mwalimu, unajua na mimi najua, wangapi wana hiyo barua ya kuteuliwa? Kwa hiyo viboko vingi vinavyochapwa darasani kisheria havitakiwi kuwepo, na kisichotakiwa kuwepo hakiandikwi. Kitabu cha adhabu kinakupa picha ya mwalimu mkuu anaandika kiasi gani, kisome hivyo. Kikijaa ghafla baada ya programu kuanza usiogope, inawezekana watu wameanza kuwa wakweli.

Hatua ya 3: Kabla ya kuuliza imesaidia, uliza imefanyika?

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Unapima dawa ambayo mgonjwa hajameza.

Hao Wamarekani wa ule mfumo wana chombo chao cha kupima hili, ngazi ya kwanza (ile ya mpango wa watoto wote) ina vipengele 15, kila kimoja unakipa 0, 1 au 2, jumla 30, na shule ikifika asilimia 70, yaani alama 21, wanasema programu inatekelezwa vya kutosha kutegemea matokeo. Chini ya hapo hata tabia zikibadilika huwezi kusema ni programu. Nyie tengenezeni yenu fupi ya vipengele 10, alama 20, mstari wa kupita uwe 14. Ya kwangu ina vitu kama hivi: matarajio yamebandikwa kila darasa na watoto wanaweza kuyasoma walipo, watoto walifundishwa (kufundishwa, na mifano, na mazoezi, kusomewa mstarini hakuhesabiki), walimu wamekubaliana kosa gani linamalizwa darasani na lipi linakwenda ofisini, kuna njia inayojulikana ya kumpongeza mtoto, kuna timu na imekaa kikao muhula huu, muhtasari upo, wazazi wameambiwa, mwalimu mgeni anaelekezwa akifika.

Alama hazitolewi kwa kumuuliza mwalimu mkuu. Zunguka. Simamisha watoto 15 bila kuwachagua, mmoja anatoka chooni, mwingine anachota maji, waulize shule yetu inataka tuwe watu wa namna gani? Kama watoto 10 au 11 kati yao wanakutajia angalau mambo mawili kati ya matatu, hiyo ni 2. Wakikutajia "tusichelewe mwalimu" huku wanarudi nyuma kidogo, hiyo ni 0 na unajua kwa nini wanarudi nyuma.

Walimu nao waulize, mmojammoja sio kwenye kikao. Nina swali moja ninalolipenda: mtoto akimtukana mwenzake tusi la mama darasani kwako saa hizi, unafanya nini? Ukipata majibu nane tofauti kwa walimu nane basi mfumo haupo, kuna walimu tu.

Hatua ya 4: Hesabu matukio, lakini hesabu vizuri

Fomu ya tukio iwe nusu karatasi, ikizidi hapo haijazwi. Tarehe, saa, mahali, darasa, mvulana au msichana, kosa gani, nani kaliona, hatua gani imechukuliwa. Jina la mtoto weka namba yake ya rejista badala ya jina, karatasi zinatembea hizi.

Kabla ya kuzigawa kaa na walimu nusu saa mkubaliane maneno. "Utovu wa nidhamu" sio kosa, ni gunia. Kwa mwalimu mmoja mtoto kuuliza "kwa nini" ni jeuri, kwa mwingine ni kushiriki somo. Mimi nilisoma visa sita kwa sauti kila mwalimu akaandika kwenye karatasi yake hiki ni kidogo au kikubwa, tulivyofungua karatasi kwenye visa vinne tulikuwa tumegawanyika nusu kwa nusu, kelele zikaanza, lakini zile kelele ndo zilikuwa semina nzuri kuliko ile ya hotelini.

Sasa hesabu yenyewe. Usilinganishe jumla ya mwezi na jumla ya mwezi. Mfano shule ya watoto 800. Februari siku za masomo 20, matukio 48. Aprili kuna likizo, siku za masomo 10, matukio 28. Mtu wa haraka anasema tumeshuka kutoka 48 mpaka 28, hongereni. Gawa kwa siku: Februari ni 2.4 kwa siku, Aprili ni 2.8. Mmepanda! Na kama idadi ya watoto inabadilika (wamehamia, wameanza darasa la kwanza) gawa tena kwa idadi ya watoto zidisha mara 100, hapo Februari ni 0.3 kwa kila watoto mia kwa siku, Aprili ni 0.35. Hii ndo namba unayoweza kulinganisha na mwaka jana au na shule ya jirani. Kikokotoo cha simu kinatosha kabisa.

Halafu zipange fomu zilezile kwa njia tano, weka juu ya meza kama karata: kwa siku, kwa aina ya kosa, kwa mahali, kwa saa, kwa mtoto. Hapa ndo utamu ulipo. Hiyo ya watoto 800 ni shule moja niliyosaidia, zile 28 za Aprili tulipozipanga kwa mahali 19 zilikuwa bombani, tulipozipanga kwa saa karibu zote ni kati ya saa nne kamili na saa nne na nusu asubuhi. Kusukumana, kumwagiana maji, ngumi mbili tatu. Tukaenda kuangalia kesho yake. Watoto wanakunywa uji, wanamaliza wote kwa pamoja, kila mtu ana kikombe cha kuosha, bomba ni MOJA na linatoa maji kama uzi, kengele inagonga baada ya dakika kumi na atakayechelewa anapiga magoti. Wewe mtu mzima ungepanga foleni hapo? Kamati ikanunua ndoo sita za koki, madarasa ya chini yakatangulia mapumziko kwa dakika 15, ugomvi wa bombani ukaisha, hakuna mtoto aliyeshauriwa wala kuchapwa. Bila zile fomu tungewaita wazazi wa watoto kumi na tisa.

Kwa upande wa watoto, angalia ni wangapi hawana tukio lolote au wana moja tu, wangapi wana mawili mpaka matano, wangapi wanazidi hapo. Hawa jamaa wa Oregon wanasema kwa makadirio shule ikifanya vizuri kama 80 kwa mia ya watoto wanatosheka na mpango wa wote, 15 hivi wanahitaji kusogezwa karibu kidogo, na 5 wanahitaji mpango wao binafsi. Usiikariri kama amri kumi. Itumie hivi: kama kwenu watoto 30 kwa mia wana matukio mengi, tatizo sio hao watoto, mpango wenu wa shule nzima ndo mbovu. Kama ni watoto wanane walewale kila wiki, acha kuhubiri mstarini, nenda kawajue hao wanane, wanalala wapi, wanakula nini, nani anawasikiliza, yupo asiyeona ubaoni.

Na tenga wavulana na wasichana, tenga wenye ulemavu, tenga anayeishi na bibi kama mnajua. Upande wa kupongezwa vilevile. Kuna shule ilikuwa inatoa nyota za karatasi, tulivyohesabu nyota za mwezi mzima karibu nusu zilikwenda kwa viranja na watoto wa walimu.

Hatua ya 5: Waulize watoto wenyewe, ila jipange kwanza

Hakuna kitu kinakupa ukweli kama hiki na hakuna kinachoweza kuharibika vibaya kama hiki.

Kwanza, kabla hujauliza swali hata moja, jua utafanya nini mtoto akikwambia jambo zito. Uganda, wilaya ya Luwero, kulifanyika utafiti mkubwa wa programu ya shule njema ya shirika la Raising Voices, shule za msingi 42, na katika mahojiano ya mwisho watoto 434 ilibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya mambo waliyoyasema. Mia nne thelathini na nne. Kwa hiyo andika kwenye karatasi namba ya afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na 116 ile ya simu kwa mtoto, na mkubaliane nani anapiga. Kama hamko tayari kwa hilo msiulize, fanyeni hatua nyingine.

Pili, asiulize mwalimu wa darasa lile. Walimu wote watoke nje, na sio wasimame dirishani. Anayeuliza awe yule wa shule jirani au mzazi anayeaminika.

Tatu, iwe siri kweli. Karatasi zinafaa kwa la tano kwenda juu lakini mwandiko unajulikana, mimi napenda njia ya mbegu. Kila mtoto apewe harage moja na punje moja ya hindi. Nyuma ya mlango au nyuma ya ubao weka maboksi mawili yenye tundu juu, moja la jibu, jingine la takataka. Harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Mtoto anaingia peke yake, anatia jibu lake boksi la jibu, ile mbegu nyingine boksi la takataka, anatoka mikono mitupu. Usisahau boksi la pili, mara ya kwanza mimi sikuweka, watoto wakatoka na mbegu mkononi na kila mtu akaona mwenzake kajibu nini. Jaribuni kwanza na swali la mchezo, mfano je, unapenda uji wa shule, wazoee (hapo utapata mahindi mengi sana).

Swali liwe la muda mfupi na la kitu kilichotokea. "Huwa mnachapwa?" halifai, mtoto anajibu anachodhani unataka. "Wiki hii iliyopita, kuna mwalimu alikupiga kwa fimbo, mkono au kitu chochote, mahali popote hapa shuleni?" Angalia hayo maneno mahali popote, ndo yale yanayoingia mpaka stoo. Swali la pili la matusi na kudhalilishwa, maana fimbo ikipungua mdomo unaweza ukachukua zamu. Swali la tatu la watoto kwa watoto. La nne, kuna mtu mzima hapa shuleni unaweza kumwambia ukipata shida? Manne yanatosha.

Hesabu: darasa la watoto 62, maharage 23 kwenye swali la kwanza, ni asilimia 37. Rudia swali hilohilo, kwa maneno yaleyale, muhula ujao.

Na ujiandae kisaikolojia na hiyo namba. Kule Luwero baada ya miezi 18, kwenye shule zilizopata programu watoto 31 kwa mia walisema wamepigwa na mtu wa shule wiki iliyopita, kwenye shule ambazo hazijapata ilikuwa karibu 49. Hiyo inahesabiwa mafanikio makubwa, na kwa haki kabisa, kwa hesabu za watafiti wenyewe hatari imepungua kwa asilimia 42. Lakini ona, bado karibu mtoto mmoja katika watatu. Mtu akija na ripoti ya sifuri shuleni kwenu, uliza aliuliza nani na mwalimu alikuwa amesimama wapi.

Hatua ya 6: Kaa nyuma ya darasa

Dakika 20, vipindi vitano au sita vya walimu tofauti, asubuhi na mchana. Usibebe fomu kubwa mwalimu akajua anakaguliwa akaanza kuigiza. Beba kokoto 30 kwenye mkoba au mfukoni. Mwalimu akimsifia mtoto kwa kitu alichofanya, kokoto inahamia kulia. Akikaripia, akitishia, akigonga meza kwa fimbo, inahamia kushoto. Mwisho hesabu.

Wale jamaa wa Oregon wanashauri sifa nne kwa karipio moja. Mimi nilimwomba mwenzangu anihesabie, mwalimu wa malezi mzima, aliyesemina walimu wenzake, nikapata sifa 3 makaripio 17. Nilibisha. Akanikumbusha moja moja.

Amueni mapema sifa ni nini. "Mpigieni makofi" baada ya jibu sahihi la hesabu hiyo ni ya hesabu, haihesabiki hapa. "Asante kwa kumsubiri mwenzako amalize" hiyo ndo yenyewe, mtoto anajua kafanya nini. Na "vizuri" inayotoka kila sekunde kama kiitikio usiihesabu.

Hatua ya 7: Jiulize kitu gani kingine kingeweza kuleta mabadiliko

Hapa yule mwalimu asiyependa programu mpe kazi. Muhula uleule programu inaanza, shule ilianza pia kutoa uji? Mwalimu mkali alihama? Madarasa mapya yalifunguliwa mkondo ukapungua toka 110 mpaka 60? Mvua ilikuwa kubwa watoto hawakuja? Andika yote hata kama yanaharibu hadithi.

Njia rahisi ya kupata ulinganisho: msianze shule nzima. Anzeni la tatu na la nne, la tano na la sita wasubiri muhula mmoja, pimeni wote kwa vipimo vilevile. Luwero walifanya hivyohivyo kwa ukubwa, nusu ya shule zikaanza nusu zikasubiri zamu yao, hakuna aliyenyimwa.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu walimu kuipenda programu sio ushahidi. Kigoma, kambi ya wakimbizi Nyarugusu, kulikuwa na programu ya kuwasaidia walimu kuacha fimbo na kutawala hasira, iliitwa EmpaTeach, ikapimwa kwenye shule 27 kwa kulinganisha waliopata na wasiopata. Tofauti ya vipigo haikuonekana. Ni habari mbaya ila ni habari ya maana, bila kulinganisha wangeandika tu "washiriki walifurahia mafunzo" na hela ingeendelea kwenda.

Hatua ya 8: Kurasa mbili na kikao kimoja

Ripoti isizidi kurasa mbili. Juu maswali yenu matatu, chini ya kila moja namba ya zamani, namba ya sasa, na sentensi mbili mnavyoielewa. Majina ya walimu yasionekane popote, hata kwa mafumbo kama "mwalimu mmoja wa sayansi", shule ina walimu wawili wa sayansi jamani.

Wasomeeni walimu kwanza kabla ya kamati, hakuna mwalimu anayependa kusikia habari zake kutoka kwa mzazi sokoni. Halafu kamati. Halafu watoto, kwa kifupi, mstarini, kwa namba zao wenyewe, mlituambia hivi na sisi tutabadilisha hiki. Shule nyingi hii ya tatu wanaisahau na mwaka unaofuata maharage yanarudi ya uongo.

Kisha amueni. Kama alama za utekelezaji ziko chini ya 14, msijadili programu ni nzuri au mbaya, jadilini kwa nini haijafanyika. Kama imefanyika na watoto wanasema vilevile, badilisheni kitu kimoja, kimoja tu, mkibadilisha vinne hamtajua kipi kilisaidia. Kama imefanyika, mmeshabadilisha, mihula miwili hakuna kitu, acheni, tafuteni njia nyingine, na hiyo pia iandikwe.

Sisi baada ya ile ya stoo tulibadilisha kitu kimoja: ufunguo wa stoo ulihamia kwa mama mpishi. Muhula uliofuata maharage ya darasa la sita yalishuka kutoka 31 mpaka 18 kati ya watoto 58, na ya matusi yakapanda kidogo, ndo tunahangaika nayo sasa.

Tarehe ya kuhesabu tena iandikwe kabisa kwenye kalenda ya shule. Mimi huweka wiki ya tatu ya muhula, maana wiki ya kwanza nusu ya watoto bado wako kwa bibi na ya pili wanafyeka majani.